Shangazi, nikikimbia kidogo tu pumzi inakata, ni mwili wangu ama ni nini?

Shangazi habari za siku,

Naomba unisaidie maana hapa nyumbani kila mtu ana lake la kusema na hakuna hata mmoja anayekimbia. Mimi niko na miaka 37, mama wa watoto wawili, naishi Ntinda na kazi yangu ni ya kukaa, niko kwa kaunta ya malipo tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Nimekulia barracks ya polisi pale Naguru ndio maana Kiswahili kinanitoka vizuri kuliko hata Luganda.

Mwezi wa tano nilienda kliniki kwa sababu ya kichwa kuuma, wakanipima presha ikasoma 148 kwa 94, wakaniita siku nyingine wakapima tena bado iko hapo hapo. Daktari akasema hataki kunianzishia dawa kwanza, nipunguze chumvi, nipunguze kilo, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu tuone.

Sasa wakati huo huo kazini wakaamua wote tunaingia zile mbio za Novemba hapa Kampala, mtu akaandika majina yetu kwa kilomita 10 bila hata kuuliza. Nikasema basi sawa, Mungu amenipa sababu. Kuna grupu ya kukimbia hapa mtaani, wanakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri karibu na stage ya taxi, nikajiunga. Shangazi wale watu hawakimbii, wanafukuzana. Wanapanda kilima cha Naguru kama hakuna kilima, wanashuka upande wa Lugogo mbio mbio, wanazunguka wanarudi. Mimi sijafika mbali pumzi imekata, kifua kinawaka, mdomoni naonja kama chuma, natembea, halafu nikiwaona wanapotea kwenye kona naogopa giza naanza tena kukimbia ili niwafikie. Kila siku hivyo hivyo. Kuna kijana mmoja huwa ananiambia mama wewe endelea tu utafika kesho, wengine wanacheka.

Wiki ya tatu ugoko ukaanza kuuma, miguu yote miwili, huu mfupa wa mbele upande wa ndani, kwanza nikianza kukimbia, baadaye hata nikishuka ngazi za kazini. Nikaacha. Sasa ni kama wiki mbili nimekaa tu.

Viatu nilinunua soko la Owino, raba za elfu sitini, muuzaji aliapa ni orijino, zinanibana kidogo vidoleni lakini alisema zitafunguka. Rafiki yangu anasema bila viatu vipya vya pesa nyingi naharibu magoti. Wa kazini mwingine anasema kukimbia ni ya watu wa Kapchorwa, kule mlima Elgon wanakotoka mabingwa, sisi wengine damu yetu ni nzito. Mume wangu si mtu mbaya lakini akiniona navaa raba anauliza kwani unakimbizwa na nani. Mama mkwe alikuja akaniona na suruali ya mazoezi, hakuniambia mimi, alimwambia mwanawe ati mama mzima barabarani amejichora hivyo.

Halafu kuna jambo lingine naona haya hata kuandika. Tangu nizae huyu wa pili, nikiruka ruka ama nikikimbia kushuka mlima mkojo unatoka kidogo. Sijamwambia mtu. Navaa pedi.

Sasa Shangazi, niache tu nitembee? Ama kuna namna? Na hizo mbio za Novemba niseme nimeshindwa?

Mama wa wawili, Ntinda

Mwanangu wa Ntinda,

Asante kwa kuandika na pole sana kwa miguu. Nakuambia ukweli, kwa ulivyoeleza sioni kasoro ya kukuzuia kukimbia na damu yako si nzito. Tatizo kubwa ni moja, unakimbia mwendo wa watu wengine. Pumzi kukata, kifua kuwaka, ugoko, vyote vimetoka hapo.

Umesema umekulia barracks. Basi lazima unakumbuka makuruti wakipita asubuhi kwa mchakamchaka, mmoja anaanzisha wimbo wengine wote wanaitikia, buti zinapiga chini pamoja, na wanaweza kwenda hivyo umbali mrefu sana. Uliwahi kuona wakitimua mbio? Hawatimui, kwa sababu mtu anayeimba hawezi kuzidisha mwendo, pumzi haitoshi kwa mambo yote mawili, na ndani ya ule mstari kuna wembamba, wanene, wenye nguvu na dhaifu, wote wanafika. Huo ndio mwendo wako kwa miezi mitatu ijayo. Kipimo ni mdomo wako mwenyewe, ukiwa unakimbia jaribu kusimulia kwa sauti ulipika nini jana na mtoto alikataa kula nini, sentensi nzima mpaka mwisho, na kama inakatika katikati basi umezidisha, punguza, na kama umepunguza mpaka unaona ni kama unatembea, ni sawa kabisa, usione haya. Hata mtu akikupita kwa miguu anaenda kazini mwache apite.

Kinachotokea ukizidisha ni hivi, misuli inadai oksijeni nyingi kuliko moyo na mapafu vinavyoweza kupeleka kwa wakati huo, misuli inamwaga kabonidioksaidi na asidi nyingi kwenye damu, ubongo unakulazimisha kuhema juu juu na unapata ile hofu ya kutaka kusimama. Mtu yeyote ukimpa mwendo unaomzidi atapata hiyo, hata bingwa. Ile ladha ya chuma mdomoni pia huja mtu akijisukuma sana na huisha akipumzika. Lakini nisikilize hapa vizuri, kama kifua kinabana kama kimekaliwa na kitu kizito, ama maumivu yanaenda kwa mkono au taya, ama unaona kizunguzungu cha kuanguka, ama unakohoa damu yenyewe, hapo unasimama na unaenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Na hii ya Kapchorwa, mimi naichukia kwa sababu inawanyima watu wengi afya yao. Ni kweli wale ndugu zetu wametupa heshima, Stephen Kiprotich alichukua dhahabu ya marathoni London 2012, ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda tangu John Akii-Bua mwaka 1972, Peruth Chemutai akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo, na Joshua Cheptegei Agosti 2020 alikimbia mita 5000 pale Monaco kwa dakika 12 na sekunde 35, yani kila kilomita kama dakika mbili na nusu. Lakini Akii-Bua hakuwa wa Kapchorwa, alitoka kaskazini, Lango. Na hao wa mlima Elgon wamekulia juu ambako hewa ni nyepesi, wametembea na kukimbia miteremko tangu utoto, halafu wakaongeza miaka mingi ya mazoezi. Tena sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki ni za mwendo mwepesi wa kuongea, ukiwakuta asubuhi ya siku nyepesi wanaanza, utadhani ni watu wanaenda kisimani. Wale vijana wa grupu yenu wao wanataka kila asubuhi iwe fainali, na nina hakika wako ambao miguu inawauma hawasemi.

Kwa hiyo kwanza toka kwa hiyo grupu, si kwa ugomvi, waambie tu daktari amekupa ratiba yako, utarudi. Ukimpata mwanamke mmoja wa mwendo wako, hata jirani, anatosha kuliko grupu nzima.

Halafu ratiba. Siku tatu kwa wiki, tuseme Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, usiunganishe siku mbili mfululizo kwa sasa. Unatoka nyumbani unatembea haraka haraka dakika kama kumi, mwili upate joto. Kisha unakimbia mdogo mdogo dakika moja, unatembea dakika mbili, unakimbia moja, unatembea mbili, unarudia mara saba au nane, unamalizia kwa kutembea mpaka mlangoni. Basi. Utamaliza unaona kama hujafanya kitu, unataka kuongeza, na hapo ndio pa kujizuia. Kaa hapo wiki mbili. Ukiona ni rahisi kweli, nenda dakika mbili za kukimbia na mbili za kutembea, baadaye tatu kwa moja, tano kwa moja, hivyo hivyo, na wiki ikiwa ngumu unairudia tu, hakuna anayekusahihisha. Mpango maarufu wa namna hii wa wanaoanza umepangwa kwa wiki 9 kufika kilomita 5 ama nusu saa bila kusimama, ila watu wengi huchukua zaidi na hawajakosea. Siku zile zingine tembea, shuka taxi stage moja kabla, hiyo nayo inahesabika, maana Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani na kutembea haraka kumo.

Sasa ugoko, na hapa nataka usome pole pole kwa sababu ndipo wanaoanza wengi wanapoishia. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki chache tu mtu anaona pumzi imeongezeka. Mifupa na kano zinachukua miezi. Kwa hiyo wiki ya tatu ya nne pumzi inakuambia ongeza na mfupa bado haujawa tayari, mtu anaongeza, anaumia. Wewe umeongezea juu yake kilima, na si kupanda kulikokuumiza zaidi, ni kule kushuka kwa Lugogo mbio mbio, maana ukishuka unatua kwa kisigino mguu ukiwa mbele ya mwili na uzito wote unapigwa breki na huo mguu.

Fanya hivi. Keti, pitisha kidole gumba taratibu juu ya ule mfupa upande wa ndani kutoka chini kupanda juu. Kama maumivu yametapakaa, sehemu ndefu hivi ya urefu wa kiganja ama zaidi, hiyo mara nyingi ni ugoko uliochoka kwa kupewa kazi nyingi ghafla, itapoa. Kama kuna sehemu moja ndogo kama sarafu ambayo ukibonyeza unaruka, ama unauma usiku umelala, ama unauma hata ukitembea tu chumbani, hapo kuna uwezekano mfupa umeanza kupasuka nyufa ndogo, nenda ukaonwe na usikimbie kabisa. Na wakikupiga eksirei wakasema hawaoni kitu lakini bado panauma, usirudi barabarani, nyufa hizo mwanzoni mara nyingi hazionekani kwenye eksirei.

Kama ni ule wa kwanza, umeshapumzika wiki mbili, vizuri. Tembea kwanza kwenye tambarare, ukiweza nusu saa bila maumivu na ukiweza kuruka kwa mguu mmoja mara kumi bila kuuma, anza ile ya dakika moja. Nyumbani simama kwenye ngazi, visigino vikining'inia, jiinue kwa vidole juu, shuka taratibu, mara kumi na tano, pumzika, rudia mara mbili tatu, siku nyingi za wiki, ukiwa unasubiri chai ichemke. Hiyo inaimarisha misuli ya nyuma ya mguu inayolinda huo mfupa. Barabarani piga hatua fupi fupi, mguu utue chini ya mwili wako usiurushe mbele, na milima ya Kampala iheshimu, ukipanda fupisha hatua ama tembea, ukishuka tembea kabisa mpaka miezi ipite. Najua Ntinda haina tambarare nyingi, tafuta hata kipande kimoja cha barabara ya ndani ambacho hakina mteremko mkali ukizunguke mara nyingi, barabara ya vumbi iliyoshikana ni nzuri kwa miguu kuliko lami ila angalia mashimo. Inachosha kuzunguka pahali pamoja, najua, lakini unakuwa karibu na nyumbani kama kuna shida.

Viatu. Rafiki yako amezidisha, si lazima vipya vya bei kubwa. Lakini hizo raba zako zinazobana vidole mpe mtu mwingine mapema, kiatu cha kukimbia hakifunguki vizuri, kinakutoa kucha. Rudi Owino jioni baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba kidogo, nenda na soksi utakazokimbilia. Vaa vyote viwili, simama, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paingie upana wa kidole gumba. Kabla ya hapo kichukue mkononi, bonyeza soli ya kati kwa kidole pembeni, ile sponji, ikirudi haraka bado ina uhai, kama ni ngumu kama mbao ama ina mikunjo mingi imekufa hata kama juu kinang'aa. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, kikiegemea upande mmoja aliyekivaa amekimaliza, kiache. Chini angalia kisigino kama mpira umelika mpaka sponji inaonekana. Mitumba mizuri ipo sana, ni kuwa na subira na muuzaji. Na pesa ikibaki nunua sidiria ya michezo inayoshika vizuri, hiyo wanawake wengi wanaisahau halafu wanalaumu mgongo.

Hilo uliloona haya kuandika, umefanya vizuri sana kuliandika. Mwanangu, si wewe peke yako, ni jambo la kawaida mno kwa wanawake waliozaa, na lina dawa. Misuli ile ya chini inayobeba kibofu na kizazi inalegea wakati wa mimba na kuzaa, ukikimbia kushuka inapigwa na haiwezi kubana kwa wakati. Inafundishika kama misuli mingine yoyote. Ukiwa umekaa kwenye hiyo kaunta yako, bana kama unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, vuta kama unainua kitu ndani juu, hesabu mpaka tano huku unapumua kawaida, achia kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, na ongeza mpaka kuhesabu kumi polepole. Usikaze tumbo wala makalio. Usifanye kwa kukata mkojo ukiwa chooni, hiyo inaweza kuharibu. Inachukua miezi mitatu hivi kuona tofauti ya kweli, usikate tamaa wiki ya pili. Na mkikutana na daktari wa presha mwambie, ama uliza daktari wa kina mama ama mtaalamu wa fiziotherapia, hasa kama unasikia uzito kama kuna kitu kinashuka chini, hapo pata ukaguzi kabla ya kuendelea kukimbia. Wakati huo mwendo wa pole pole na kutembea kwenye mteremko vitakusaidia hapo pia. Na usipunguze kunywa maji kwa kuogopa, mkojo ukiwa mzito unawasha kibofu zaidi.

Kwenye presha, 148 kwa 94 ni ya kuichukua kwa uzito na daktari wako amekupa nafasi nzuri, itumie. Mazoezi ya mara kwa mara yanashusha presha kwa kiasi, si siku moja, na si badala ya miadi yake. Akikuanzishia dawa baadaye meza na uendelee kukimbia, hakuna kuchagua moja. Siku ya kupima keti kwanza dakika tano umetulia, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee, maana watu wanapimwa wametoka kupanda ngazi wanaandikiwa namba si yao. Kilo zitashuka taratibu kuliko unavyotaka, kukimbia peke yake hakupunguzi haraka, angalia zaidi sukari ya chai, soda na chumvi ya mezani. Asubuhi kabla ya kutoka nusu ya bogoya, ile ndizi mbivu, na maji inatosha, katogo ama chakula kizito chochote ngojea urudi. Na ukiwa na malaria ama homa yoyote usikimbie kabisa, maliza dawa, nguvu zirudi, ndio uanze tena hatua moja nyuma ya ulipoachia.

Giza. Saa kumi na moja na nusu ni mapema mno kwa mwanamke anayeachwa nyuma na grupu. Jua letu halibadiliki sana, mwanga unaonekana tangu kama saa kumi na mbili na robo hivi na mwaka mzima ni hapo hapo, kwa hiyo siku za kazi toka mwanga ukishaanza, dakika kama arobaini umerudi ukaoge. Kimbia upande wa kulia ukitazama magari yanayokuja, lakini masikio yawe wazi maana boda hapa zinakuja kutoka pande zote hata nyuma yako, kwa hiyo hakuna kuziba masikio na muziki. Mbwa akitoka, simama, usimkimbie, tembea polepole umkwepe. Epuka kandokando ya Jinja Road asubuhi, moshi ule si wa kuuvuta ukiwa unahema.

Mume, mimi naona hajui. Kaa naye jioni moja umwonyeshe karatasi ya kliniki, umwambie daktari amesema nini na miezi mitatu inaisha lini. Mwanaume akiona namba anaelewa tofauti na akiona raba. Mwombe Jumamosi atembee na wewe zile dakika kumi za mwanzo tu, akitaka kuendelea aendelee. Mama mkwe usimjibu kwa mtoto wake. Siku ukienda kumsalimia mwambie wewe mwenyewe, mama, presha yangu imepanda, daktari amesema nifanye mazoezi. Wazazi wengi wa umri wake wana presha ama wamemzika mtu wa presha, atasikia. Na kwa heshima yake vaa suruali pana na fulana ndefu mkiwa pamoja, hiyo haikupunguzii kitu, tena mbio hazijali nguo inabana ama haibani.

Novemba usiseme umeshindwa. Mwombe huyo aliyeandika majina akuhamishie kilomita 5 kama bado inawezekana, na kama haiwezekani ingia hiyo 10 ukijua tangu mwanzo kwamba unakimbia kidogo unatembea kidogo njia nzima, kwa mpango, si kwa kuchoka. Kwenye milima unatembea kila mara. Simama nyuma kabisa ya watu pale mwanzo, maana umati ukilipuka unakubeba kwa mwendo wao na unarudi kulekule kwa vijana wa Naguru. Kama mwezi wa kumi ugoko bado unasema kitu, nenda ukawapigie wenzako makofi, mwaka ujao zipo.

Anza Jumanne kwa kutembea tu nusu saa, bila kukimbia hata hatua moja, uusikilize mguu. Na ukirudi kliniki ile ya miezi mitatu, niandikie presha ilisoma ngapi na ugoko unaendeleaje.

Shangazi